Mgeni Anapolala Mugunga

Nyumba iliyo kando ya Ziwa Kivu, katika mtaa wa Mugunga upande wa magharibi wa mji wa Goma, humpokea mgeni kwa upepo wa maji na kwa mawe meusi. Mawe hayo ni lava iliyopoa zamani. Juu yake watu wamejenga nyumba za mbao na mabati, wamepanda lenga-lenga, yaani mchicha, katika udongo usiozidi kiganja, wamelea watoto. Chini yake hutoka hewa ambayo mgeni haioni wala hainusi, na hewa hiyo ndiyo iliyomfanya msomaji mmoja wa Nairobi aandike kuomba ushauri.

Msomaji huyo ni mzaliwa wa Goma. Aliondoka Januari 2002, siku chache baada ya lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo kuifunika nyumba ya wazazi wake, na tangu hapo hajarudi. Rafiki yake wa sekondari alibaki, akaolewa, na sasa ni mjane anayeishi Mugunga karibu na maji. Amemwalika mwenzake aje na watoto wake wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine 9, walale kwake wiki nzima. Kitanda kimeshatengenezwa na fundi na godoro limenunuliwa. Mume wa msomaji hakubali: amesikia kwamba Mugunga watu hulala wazima na kukutwa maiti asubuhi, na kwamba ziwa lenyewe linaweza kulipuka. Basi msomaji amepanga kuchukua chumba cha hoteli mtaani Himbi, aende Mugunga mchana na kurudi jioni, na amwambie rafiki yake kwamba ana shughuli za kazi mjini. Anauliza kama uongo huo ni kosa. Kabla ya kufunga barua anaongeza kwamba hakuja kwenye matanga ya mume wa rafiki yake, wala hakupiga simu wakati wa vita, na kwamba anaona haya kuonana naye.

Hofu ya hewa, hofu ya ziwa na haya zimechanganyika katika barua hii, na zinahitaji kutenganishwa. Hewa inafaa kuanza, kwa sababu watoto wamo safarini.

Hewa hiyo huitwa mazuku. Ni neno la Kiswahili cha Kivu, lenye maana ya upepo mbaya, na wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua kama lilivyo katika maandishi yao. Kinachoua ndani yake ni hewa ukaa. Hutoka kwenye miamba iliyoyeyuka chini kabisa ya ardhi, hupanda kwa nyufa za lava, na hufika juu bila rangi na bila harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipai. Hutiririka kama maji na kutuama palipo chini: kwenye vibonde, kwenye mapango ya lava, kwenye mitaro, kwenye shimo la msingi wa nyumba lililochimbwa likaachwa. Maeneo yake makuu ni kaskazini mwa ziwa, kati ya Goma na Sake, na Mugunga pamoja na kando za Lac Vert, lile ziwa dogo lililokaa ndani ya kreta, ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa kwanza.

Mazuku yana saa zake. Jua likiwaka na upepo wa ziwa ukivuma, gesi hutawanyika na kiwango hushuka. Usiku, ardhi ikipoa na upepo ukilala, hujikusanya tena, na kabla ya jua kuchomoza ndipo huwa mbaya zaidi. Kibonde ambacho mbuzi alilisha saa tisa mchana bila dhara kinaweza kumwua mbuzi huyohuyo saa kumi na moja alfajiri. Mazuku yana kimo pia. Mtu mzima hupita ukingoni akiwa na kichwa juu ya gesi asihisi kitu, ilhali mtoto anayemfuata kichwa chake kimo ndani. Hewa ukaa ikizidi sehemu 10 katika 100 ya hewa inayovutwa, mtu huzirai katika dakika chache. Ikizidi hapo mara kadhaa, kama ilivyopimwa katika mazuku ya eneo hili, mtu huanguka baada ya pumzi chache, asipate hata nafasi ya kuita.

Wapo wanaotembea na mshumaa au kibiriti wakiamini kwamba moto ukiendelea kuwaka mahali ni salama. Imani hiyo ni ya hatari. Mshumaa huzimika pale gesi inapokuwa nyingi kupita kiasi ambacho tayari kinamwangusha binadamu, kwa hiyo mwali unaowaka haushuhudii chochote. Dalili za kuaminika ni nyingine: ndege, mijusi au panya waliokufa kwenye kibonde bila jeraha, na kwa mtu mwenyewe, kichwa kuuma ghafla, kizunguzungu, pumzi kwenda mbio bila kukimbia. Anayehisi hivyo hupanda juu papo hapo. Na anayemwona mwenzake ameanguka shimoni haruki kumfuata, ijapokuwa moyo wote unamsukuma, kwa kuwa mwokozi anayeinama kumbeba huvuta hewa ileile. Huita watu, huleta kamba, humvuta aliyeanguka kutoka juu. Kanuni hii ni chungu kuitaja mbele ya mama, lakini watoto wa miaka 6 na 9 wanaweza kufundishwa, na inafaa waisikie kabla ya kushuka garini.

Hapo linazuka swali: vipi msomaji atamwuliza mwenyeji habari za mazuku bila kuonekana anaidharau nyumba yake? Jibu ni kuuliza wazi, siku ileile ya kufika, kwa maneno ya mtaani: Mazuku iko wapi hapa? Swali hilo halina tusi Mugunga, kama vile mvuvi wa Pangani asivyotukanwa akiulizwa maji yanajaa saa ngapi. Mwenyeji aliyelea watoto mahali hapo anavijua vibonde vyake kimoja kimoja. Anajua ni shimo gani lililofukiwa kwa mawe na ni njia gani haipitwi alfajiri. Mara nyingi atamwonyesha mgeni kabla ya kuulizwa, akimshika mkono mtoto na kumpeleka mpaka ukingoni: hapa, mpira ukianguka, uache.

Wasiojua ndio waliodhurika zaidi. Julai 1994, Wanyarwanda zaidi ya laki tano walivuka mpaka kuingia Goma katika siku chache, na Mugunga ikawa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani mpaka ilipovunjwa Novemba 1996. Wapo kati yao waliouawa na mazuku, watu waliopiga hema pale walipoelekezwa au pale palipobaki nafasi, katika ardhi ambayo tabia yake hawakuijua. Mgeni wa Nairobi ana bahati ambayo watu wale hawakuwa nayo, kwa sababu anafikia kwa mtu anayeijua ardhi na anayempenda.

Kwa hiyo uamuzi wa kulala au kutolala unategemea mambo machache ya kuangalia kwa macho na kuuliza. Nyumba imekaa juu ya mwinuko au ndani ya kibonde? Je, kuku au mbuzi wa kiwanja kile wamewahi kukutwa wamekufa asubuhi bila ugonjwa? Kuna chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi? Nyumba ikiwa juu, sakafu yake ikiwa imeinuliwa kwa mawe, na wenyeji wamelala humo miaka kadhaa bila tukio, hatari ya usiku ni ndogo, na kitanda kinaipunguza zaidi. Mikeka ya sakafuni ndiyo ya kuepuka, hata kama watoto wataiomba kwa sababu watoto wa mwenyeji wanalala hapo. Dirisha la juu libaki wazi kidogo. Watoto wasitoke nje peke yao mpaka jua liwe limepanda. Ikiwa majibu ni mabaya, nyumba imo bondeni na wanyama wamewahi kufa uani, hapo hakuna mgeni wa kulala. Lakini hapo hata mwenyeji hafai kulala, na kukaa kimya kwa ajili ya adabu itakuwa ni kumkosea zaidi kuliko maneno yoyote. Jijini Goma kuna Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, kinachojulikana kwa kifupi kama OVG, ambacho kazi yake ni pamoja na kufuatilia gesi hizi, na suala la namna hiyo ni la kupelekewa wao.

Hofu ya pili, ya ziwa kulipuka, ina ukweli ndani yake, ila haihusiani na uchaguzi kati ya Himbi na Mugunga. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480. Maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, na humo zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani, zikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Kinachoogopwa kinajulikana kutokana na Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa hewa ukaa yake usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Nyos ni dogo sana likilinganishwa na Kivu. Upande mwingine, maji ya Kivu yamepangika katika tabaka imara, na Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ikamwagika ziwani bila kuyatibua maji ya chini. Ng'ambo ya pili, huko Karongi nchini Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unavuta methani hiyo kutoka kilindini na kuigeuza umeme.

Hatari hiyo basi ni ya kila aliye kando ya ziwa, kuanzia Rubavu hadi Bukavu. Himbi nayo iko kando ya ziwa. Chumba cha hoteli kinachotazama maji yaleyale hakimwondolei mtu chochote, na mume wa msomaji anastahili kuambiwa hivyo kwa upole.

Kwenda na kurudi kila siku kuna ubaya wake wa wazi zaidi. Kutoka katikati ya mji hadi Mugunga ni kilomita 10 hivi kwa barabara iendayo Sake, yenye malori, bisi, pikipiki zilizopakia watu watatu na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zinazoteremka na magunia ya makala, yaani makaa. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, watu wa Goma wamejizoesha kuwa nyumbani kabla ya giza. Mama anayewabeba watoto wawili njia hiyo mara mbili kwa siku, siku saba, anajiongezea hatari iliyo karibu ili kukimbia ile ambayo kitanda kizuri na dirisha wazi vingeipunguza.

Lipo pia jambo la kile anachokikosa anayeondoka jioni. Mchana mwenyeji ana kazi: maji, soko, biashara ndogo ya mlangoni. Wakati wake wa kukaa ni baada ya chakula cha usiku. Saa hizo wavuvi wa sambaza huwa wameshatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji ili samaki wapande kwenye wavu, na kutoka ufuoni ziwa zima huonekana kama mji mwingine. Sambaza si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, kwa kuwa Kivu lilikuwa na samaki wachache wa maji ya wazi, na leo ndio kitoweo cha kila nyumba, wakikaangwa au wakipikwa na nyanya pamoja na bugali (ugali) na sombe (kisamvu). Mazungumzo ya miaka zaidi ya ishirini hayaanzi saa sita mchana wakati mtu anamtafuta muuza makala. Huanza pale, taa za wavuvi zikiwa mbali na watoto wamelala.

Kuhusu uongo wa shughuli za kazi, hautadumu siku mbili. Goma ni mji wa watu kuulizana habari. Hoteli ina wafanyakazi wenye dada zao Mugunga, na mtoto wa miaka 6 hajui kutunza siri. Kitanda kilichotengenezwa na fundi kitabaki chumbani bila mtu, na kila atakayepita atauliza ni cha nani. Mgeni ambaye baada ya kuuliza na kuona ataamua kutolala, aseme sababu yenyewe: naogopea watoto mazuku. Mwanamke wa Mugunga hawezi kuchukia sababu hiyo, kwa kuwa na yeye huwaogopea wake.

Watoto watataka kuoga ziwani, na wanaweza, kukiwa na jua na mtu mzima ndani ya maji pamoja nao. Ufuo wa lava hauteremki polepole kama mchanga wa pwani. Hatua mbili maji yamefika kiunoni, ya tatu hakuna chini. Mahali penye viputo vinavyopanda kutoka chini ya maji ni pa kuepuka kabisa, hasa asubuhi pasipo na upepo, kwa sababu gesi inayotoka humo hukaa juu ya maji, kwenye kimo cha pua ya mwogeleaji. Maji ya ziwa hayanywewi bila kuchemshwa au kutiwa dawa. Kipindupindu hakijawahi kuihama Goma kwa muda mrefu, na mwaka 1994 kilipowakuta wakimbizi hao pamoja na ugonjwa wa kuhara damu, waliokufa katika majuma machache walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Jambo la maji lina adabu yake. Lava haishiki maji, visima havichimbiki kwa urahisi, na sehemu kubwa ya maji ya Mugunga hupanda kutoka ziwani ndani ya bidoni za njano, kichwani, mgongoni au kwa chukudu. Bidoni ya lita 20 ni jasho la mtu au ni franka zake. Mgeni anayeoga kwa bidoni nzima kama yuko Nairobi anamwaga kazi ya asubuhi ya mwenyeji. Ajifunze kuoga kwa ndoo ndogo, na kuanzia siku ya pili atoe fedha za maji na makala mkononi mwa mwenyeji, wakiwa wawili tu, bila kutangaza. Zawadi kutoka Nairobi ziwe za kuliwa na kutumiwa: majani ya chai, sabuni, madaftari ya watoto. Katoni za maji ya chupa zilizonunuliwa mjini na kushushwa mlangoni mbele ya majirani zinasema kwamba maji ya nyumba hii hayanyweki. Dawa ya kutibu maji ndani ya mkoba inafanya kazi ileile bila kusema neno.

Linabaki la haya, ambalo ndilo zito. Rafiki huyu amepita mengi bila kusikia sauti ya mwenzake. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku tano baadaye mamlaka ilipoamuru mitaa mingi ihame, malaki ya watu walipita barabara ya Mugunga wakielekea Sake. Tarehe 3 Mei 2024 makombora yalianguka kwenye kambi za waliokimbia vita huko Lac Vert na Mugunga, wakafa watu kadhaa, wengi wao wanawake na watoto. Kisha Januari 2025. Na katikati ya hayo, mume akafa. Hakuna maelezo ya kazi, ada za shule au simu mbovu yanayoweza kujaza nafasi hiyo, na msomaji asijaribu kuyapanga.

Kinachohitajika ni pole, na pole ya Goma ina utaratibu. Hutangulia zawadi na hutangulia chakula. Mgeni akishapokewa na watoto wakishapelekwa uani, huketi karibu na mjane, humtaja marehemu kwa jina, na kusema kwamba hakufika kwenye matanga na kwamba alipaswa kufika. Kisha hunyamaza. Mchango wa matanga, ule ambao angeutoa siku zile, huutoa hata sasa, mbali na fedha za matumizi, ili ujulikane ni wa nini. Kama kaburi liko mahali panapofikika, huomba kupelekwa. Mwenyeji anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kusema ile siku ulikuwa wapi. Yote hayo ni haki yake, na yakija siku ya kwanza yanaacha siku sita za kupumzika. Yakicheleweshwa kwa kuongea habari za shule na za nani aliolewa na nani, yatakuja siku ya kuondoka.

Habari za vita hazichimbwi. Mwenyeji akizianza, husikilizwa mpaka amalize. Asipozianza, mgeni hamwulizi mtu wa Mugunga aliona nini wakati wa vita. Picha za kambi tupu na za watu wenye silaha hazipigwi kabisa, maana mgeni ataondoka na simu yake na mwenyeji atabaki na maswali.

Watoto watamwita mwenyeji tantini, kama wanavyoitwa Goma rafiki wa mama, nao majirani watamwita msomaji kwa jina la mtoto wake wa kwanza hata kama Nairobi anaitwa vingine. Siku ya kuondoka mwenyeji atataka kumsindikiza, na hatakubali kuishia mlangoni. Kutoka ufuoni hadi barabara kubwa ni mwendo juu ya mawe, mizigo ikigawanywa, na mara nyingi hapo barabarani bisi ya kwanza huachwa ipite, na ya pili. Muda huo uhesabiwe tangu mwanzo, ili safari ya mpakani isimfanye mgeni aikimbilie bisi ya kwanza.